Saba kwa Thelathini na Tatu

Jumatatu, 7 Septemba

Nimechanganya tena. Pipa jeupe limejaa, lita arobaini. Ncha za vidole nyeupe kama nimezitia chokaa, zinachoma. Glavu zilitoboka mwezi uliopita. Shemeji Josephat anasema mpya zitakuja na mzigo wa Dubai. Siku hizi kila kitu kitakuja na mzigo wa Dubai.

Hesabu ni ileile. Pipa la bluu lina peroksaidi ya asilimia thelathini na tano, kali, haigusiki. Wasusi wa saluni wanataka ya asilimia sita. Wanaikoroga na rangi ya nywele, wanaiita maji ya rangi. Basi: thelathini na tano mara kiasi nisichokijua ni sawa na sita mara arobaini. Mia mbili na arobaini. Gawanya kwa thelathini na tano. Lita saba kasoro kidogo za pipa la bluu, lita thelathini na tatu na kidogo za maji yaliyochemshwa yakapoa. Saba kwa thelathini na tatu. Nalala nayo, naamka nayo.

Nilikuwa nafundisha hesabu hizi kidato cha tatu. Kuna binti aliwahi kuniuliza, mwalimu, haya maji anayachanganya nani? Darasa zima lilicheka. Mimi pia.

Baba Upendo kaondoka Jumamosi kwenda kufuata mzigo. Aliponiachisha kazi ya ualimu alisema mwaka mmoja tu, duka lisimame. Mshahara wangu ulikuwa haufiki katikati ya mwezi, sikuwa na cha kubishia. Huu ni mwaka wa tatu. Duka limesimama. Mimi niko stoo ya uani, madebe mpaka darini, dirisha moja lenye nondo, linalotazama ukuta mfupi wa jirani.

Mifupa inauma tangu mchana. Homa hii. Nimechanganya nikitetemeka.

Jumatano, 9 Septemba

Malaria. Nimemeza klorokwini. Mwili mzima unawasha mpaka kwenye nyayo, masikio yanavuma kama mashine ya kusaga. Upendo ananyonya maziwa machungu, analia, na mimi nalia.

Josephat anajaza chupa mwenyewe, safari hii za vifuniko vyekundu. Jana amefika nusu ya pipa jeupe. Lita ishirini zimebaki, atamalizia kesho. Alisimama mlangoni akanipa pole, kisha akasema wasusi wanalalamika. Maji ya rangi hayashiki. Yamelegea.

Nimemwambia sababu kwa mara ya tatu. Chupa anazipanga dirishani, jua linazipiga toka asubuhi. Peroksaidi haipendi joto. Inajifungua yenyewe, nguvu inatoka, yanabaki maji. Azipange kivulini. Akasema, shemeji, dirisha ndilo linalouza.

Nikageukia ukutani.

Jumamosi, 12 Septemba

Nimeamka bila homa. Nimenywa uji bakuli zima. Upendo ana jino la tatu.

Nilitaka kutoka kidogo, hata mpaka sokoni kununua ndizi. Josephat akasema jua ni kali kwa mgonjwa, atamtuma mtu. Geti la nyuma ufunguo anao yeye tangu tulipoibiwa madebe. Ukitaka kutoka unapita dukani, mbele yake na mbele ya wateja wake. Na kila ukipita unaulizwa unakwenda wapi. Si kwa ukali. Kwa upole kabisa. Ukali ningeujibu.

Ndizi zimeletwa. Mbichi, za kupika. Mimi nilitaka mbivu.

Jumatatu, 14 Septemba

Siku mbaya.

Mama Tatu alikuja. Ana saluni Buguruni, amekuwa mteja wetu tangu mwanzo, mtu mzima, mcheshi. Leo hakucheka. Niliposema shikamoo aliitikia marahaba bila kuniangalia. Akaingia mpaka uani, Josephat nyuma yake akimzuia kwa maneno, naye hasimami.

Kisa ni hiki. Kuna binti anaitwa Rehema, mtaani kwake, anaolewa Jumamosi hii inayokuja. Ijumaa alikwenda kutiwa rangi ya shaba, ndiyo wanayoipenda maharusi sasa. Mama Tatu akakoroga kama siku zote, maji ya rangi yetu, chupa mpya. Akampaka. Binti akasema panawaka. Wote huwa wanasema panawasha kidogo, akamwambia vumilia. Halafu akapiga kelele. Walipomwosha, nywele zilitoka na maji. Ngozi ya utosi imevuka, nyuma kumefanya malengelenge mpaka shingoni. Yuko hospitali ya wilaya, kalala kifudifudi.

Mama Tatu akaniuliza, mwanangu, umeniuzia nini?

Josephat alijibu kabla yangu. Alisema, shemeji alikuwa na homa siku ile anachanganya. Kwa sauti ya huruma. Kama ananitetea.

Na ni kweli. Nilikuwa na homa.

Mama Tatu ameacha chupa yenyewe, ina robo. Alisema, yeye ataipeleka wapi?

Jumanne, 15 Septemba

Sikulala wala sikula.

Najaribu kujiona Jumatatu ile. Najiona nashika dumu la kupimia. Najiona namimina. Lakini siioni mikono yangu inamimina nini. Saba za pipa la bluu na thelathini na tatu za maji. Au saba za maji na thelathini na tatu za pipa la bluu? Mtu mwenye homa anaweza. Mwanafunzi mzima kabisa wa afya anaweza, nimesahihisha makosa hayo mara ngapi. Unapata jibu sahihi, unalibandika kwenye kitu kisicho chake.

Kama niligeuza, mle ndani mna karibu asilimia ishirini na tisa. Nimemmwagia mtoto wa watu moto kichwani.

Josephat amefunga duka mapema. Anasema ndugu za binti wanaweza kuja na polisi wa kituoni, nisionekane. Wakiniulizia, siko. Geti limefungwa, na mlango wa kati ya duka na uani sasa unafungwa pia. Kwa usalama wangu.

Nilimwambia chupa nyingine za pipa lile zirudishwe. Ziko kwenye saluni, ziko Kariakoo hapa, Ilala, Buguruni, sijui wapi tena. Kesho zitapakwa kichwa kingine. Akasema nikizirudisha nimekiri. Tusubiri kaka arudi.

Kaka yake atarudi Ijumaa.

Jumatano, 16 Septemba

Leo nimepima.

Wazo lilinijia nikikanda unga wa maandazi. Hamira. Peroksaidi ikikutana na hamira inatoa hewa yote iliyofungwa ndani yake. Ikiwa kali mara mbili, hewa mara mbili. Darasani tulikuwa na vyombo vya kioo. Hapa nina jiko.

Nimetumia kichupa cha dawa ya kikohozi, mpira wa dripu uliobaki nilipolazwa kujifungua, beseni la maji, na chupa ya maziwa ya Upendo kwa sababu ina alama za vipimo ubavuni. Chupa ya maziwa nikaijaza maji, nikaipindua ndani ya beseni, mpira ukaingia chini yake. Kwenye kichupa hamira. Mdomo nikauziba kwa unga uliokandwa. Bomba la sindano la kupimia dawa ya mtoto, mililita mbili, sio zaidi.

Kwanza nikatengeneza yangu mpya ya asilimia sita, kidogo, nikapima kila kitu mara mbili huku nahesabu kwa sauti. Nikaichoma ndani. Povu, mapovu yakapanda kwenye chupa ya maziwa, maji yakashuka. Yakasimama kwenye arobaini. Nikarudia. Arobaini tena.

Halafu ya Mama Tatu.

Nilipiga hesabu kabla, nisije nikajidanganya baadaye. Kama nilikosea mimi, kama niligeuza, hewa itafika karibu mia na tisini. Nilisali. Sikusali nisiwe na hatia. Nilisali nijue tu.

Ikapita arobaini. Ikapita themanini. Ikapita mia. Hapo ikapunguza mwendo, vipovu vikawa vinatoka kimoja kimoja. Ikasimama juu kidogo ya mia. Mia na nne, mia na tano. Nikaketi sakafuni.

Nilirudia mpaka sampuli ilipobaki vijiko viwili. Palepale.

Sikugeuza. Haikuwa mimi.

Nililia kwa furaha na nikajionea aibu, maana utosi wa Rehema uko vilevile.

Jumatano, baadaye

Lakini mia na nne ni nini? Mara mbili na sita ya kumi ya ile yangu. Asilimia kumi na tano na nusu, kumi na sita. Siyo sita. Siyo ishirini na tisa. Hakuna kosa langu moja linalofika hapo. Mtu hawezi kukosea akaangukia hapo, labda achanganye mara mbili.

Achanganye mara mbili.

Jumanne ile chupa za nusu ya kwanza zilikuwa zimejazwa. Zilibaki lita ishirini za asilimia sita. Tuseme mtu aliongeza kutoka pipa la bluu kiasi nisichokijua. Ndani ya zile ishirini mna peroksaidi safi lita moja na mbili ya kumi. Kwenye kila lita iliyoongezwa mna thelathini na tano ya mia. Vyote kwa jumla vigawanywe kwa ishirini na hicho kilichoongezwa. Jibu liwe kumi na tano na sita ya kumi.

Nimeifanya kwa mkaa kwenye sakafu ya stoo. Inakuja tisa na tisa ya kumi. Kumi.

Dumu la njano la lita kumi liko nyuma ya mlango. Nimepima pipa la bluu kwa fimbo. Nikatoa nilizochota mimi tangu tulipolifungua. Zinapungua lita kumi.

Niliisikia sauti yake tena. Wasusi wanalalamika. Yamelegea.

Hakutaka kumuunguza mtu. Hilo najua. Alitaka yakolee. Alifikiri ni kama chai, ukizidisha majani.

Na Jumatatu, mbele ya Mama Tatu, alijua. Alijua akasema shemeji alikuwa na homa.

Alhamisi, 17 Septemba

Nilimwambia asubuhi alipoleta mkate. Sikupiga kelele. Nilisema, uliongeza lita kumi. Akaweka mkate mezani. Akasema, nani kakwambia? Nikasema, hesabu. Akatazama mlango, kama hesabu ni mtu kasimama pale.

Akasema, sasa hesabu itatusaidia nini, shemeji. Akatoka, akafunga.

Siwezi kukaa. Chupa hizo ziko nje. Kesho Ijumaa, Jumamosi harusi, saluni zote zinajaa. Kila mwanamke Bongo hii anatengeneza nywele mwisho wa wiki. Na mimi nimefungiwa na jibu sahihi.

Mchana nilisikia sauti upande wa pili wa ukuta. Mama wa jirani, Mhindu, mjane, wanauza vitambaa. Tunasalimiana dirishani tu, yeye akianika, mimi nikichanganya. Nikamwita kupitia nondo. Mama Jayesh. Akaja na nguo mkononi. Nikamwomba ampigie simu mtu Buguruni, duka lililo karibu na saluni ya Mama Tatu wana simu, namba naijua. Amwambie Mama Tatu hivi: chupa zote zenye kifuniko chekundu zisitumike. Awaambie wasusi wenzake, nao wawaambie wenzao. Siyo dawa iliyolegea, ni kali mno, inaunguza.

Akaniuliza, Josephat anajua? Nikasema, ndiyo maana naongea na wewe dirishani.

Akanitazama. Akasema, nyekundu, sawa. Akaingia ndani na nguo zake mbichi.

Sijui kama amepiga.

Ijumaa, 18 Septemba

Amepiga.

Tangu duka lilipofunguliwa nasikia sauti za wanawake. Wasusi wanajuana jamani, habari imefika Kinondoni kabla ya mimi kupika chai. Wanaleta chupa. Wanataka hela zao, wanataka maelezo, mmoja anamwita Josephat mwuaji. Anawaambia kuna kasoro ndogo ya kiwandani. Kiwanda ndicho hiki, mimi na beseni.

Mwanamke mmoja wa Ilala alikuwa amekwisha kukoroga. Alikuwa na brashi mkononi. Nimemsikia kwa masikio yangu akilisimulia hilo dukani. Nilishika nondo za dirisha nikasikiliza mpaka mwisho.

Jioni Baba Upendo amefika. Na mabegi, na glavu. Jozi nzima ya glavu, nzito, nzuri. Akaniwekea kitandani. Hakunisalimia sawasawa. Walikuwa wamekaa na mdogo wake dukani saa nzima kabla hajaingia uani.

Nilimweleza yote. Sikuacha kitu. Hewa, hamira, lita kumi. Alisikiliza vizuri, yeye si mjinga, hesabu anaziweza. Alipomaliza kusikiliza alivua viatu.

Akasema, nakuamini.

Kisha akasema, Jumapili ndugu za binti wanakuja, utasema ulikuwa na homa.

Jumamosi, 19 Septemba

Leo ilikuwa iwe harusi ya Rehema.

Baba Upendo ananieleza kwa utaratibu, kama anamweleza mteja. Josephat akitajwa, jina la duka limekwenda. Leseni imekwenda. Anaweza hata kufungwa. Mama yao Marangu ana presha, itamwua. Lakini mke mgonjwa aliyekosea kipimo, watu wanaelewa. Atasikitikiwa. Tutalipia matibabu, tutaomba radhi, itapita. Wewe huna duka, wewe huna cha kupoteza.

Hicho ndicho kilichonichoma. Huna cha kupoteza. Alikisema kwa wema.

Nilimuuliza, na nikikataa? Akasema, utakataa uende wapi na mtoto?

Dada yangu yuko Mbeya, nyumba ya watu. Shule yangu ya zamani imejaza nafasi. Nilitazama chumba: kitanda chake, kabati lake, glavu zake. Upendo amelala katikati, ngumi juu ya kichwa, kama aliyeshinda kitu.

Nimechukia. Naandika hivyo hivyo. Nimemchukia mume wangu leo.

Jumapili, 20 Septemba

Walikuja baada ya adhuhuri. Mama yake Rehema, mjomba wake, na Mama Tatu. Sebuleni kwetu, soda mezani, hakuna aliyegusa. Mjomba ni mtu mrefu mpole, alivua kofia. Mama wa binti ni mdogo kuliko nilivyofikiri. Nilimwamkia shikamoo, akasema marahaba mwanangu. Mwanangu. Nilitamani anitukane.

Baba Upendo alianza. Aliongea vizuri. Alisema sisi ni wafanyabiashara waaminifu, alisema bahati mbaya haina kwao. Alisema mke wangu alikuwa na malaria kali, akachanganya akiwa hajiwezi. Akasimama hapo akanitazama, nimalizie.

Josephat alikuwa anatazama zulia.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yote yalipotea. Nikasema, mama, nilikuwa na homa kweli. Lakini sikukosea. Niliyochanganya mimi yasingemuunguza mwanao. Yaliongezwa makali baadaye, mimi nikiwa kitandani. Nimepima, nina uhakika. Na nina kosa langu: chupa zetu hazina maandishi ya ukali, mimi nilijua zinatakiwa kuwa nayo, sikudai.

Baba Upendo akasema jina langu. La kuzaliwa, ambalo haliiti siku hizi.

Mjomba akauliza, nani aliongeza?

Hapo nilishindwa. Sikutaka kutaja. Sijui kwa nini, nilishindwa tu. Mama yake Rehema ndiye aliyegeuka. Alimtazama Josephat muda mrefu. Akasema, "Baba, ni wewe?"

Aliuliza kama anavyomuuliza mtoto aliyevunja sahani.

Josephat akafunika uso. Akasema, "Walikuwa wanasema hayana nguvu, mama. Nilitaka yawe na nguvu."

Basi. Mjomba alivaa kofia yake, akaivua tena. Wakaanza kuzungumza mambo ya hospitali, nani atagharimia, na bwana harusi amesemaje. Bwana harusi anasubiri. Mama yake Rehema amesema kijana huja kila siku, anakaa nje ya wodi, Rehema hataki amwone.

Mama Tatu alipoondoka alinishika mkono.

Jumatatu, 21 Septemba

Mume wangu hasemi na mimi. Anasema na Upendo. Anamwambia mtoto, mwambie mama yako chumvi imezidi.

Jumapili, 27 Septemba

Wiki nzima ya kimya. Nimezoea, nimeogopa nilivyozoea haraka.

Duka halijafa. Lina wateja wachache, lakini halijafa. Leo baada ya ibada Baba Upendo akafungua mdomo. Pipa jeupe tupu, saluni mbili za mjini zinataka mzigo. Nitachanganya lini?

Nikasema sitachanganya tena.

Akasema, sasa nani? Nikasema, Josephat. Nitamfundisha. Mara moja, vizuri, kisha siingii stoo.

Nilitegemea ugomvi. Akakuna kidevu. Akasema haya.

Jumanne, 29 Septemba

Nimemfundisha Josephat.

Alikuja na daftari jipya kama mwanafunzi. Hakuweza kuniangalia. Nilichukua kipande cha chaki, nikaandika nyuma ya mlango wa stoo. Nilimuuliza: una lita ishirini za asilimia sita, unaongeza kumi za thelathini na tano. Utapata asilimia ngapi?

Alidhani nitamsuta. Sikumsuta. Ndiyo hesabu aliyopaswa kuifanya tangu mwanzo.

Alijumlisha sita na thelathini na tano, akagawa kwa mbili. Wote hufanya hivyo. Nikamwonyesha kwa nini haiwezekani, kwamba kila lita ina uzito wake kwenye jibu, ishirini zinavuta kwao na kumi zinavuta kwao. Akafuta. Akarudia. Akafuta tena. Mara ya tatu akapata. Kumi na tano nukta sita, na kidogo. Akasimama anaitazama ile namba pale mlangoni.

Akasema, kwa hiyo ningepiga kwanza hesabu.

Nikasema, ndiyo.

Akaenda uani akasimama huko kitambo. Nilimwacha. Aliporudi nikampa saba kwa thelathini na tatu, nikamwambia aitafute mwenyewe inatoka wapi. Aliipata.

Nilifurahi alipopata. Siwezi kuelewa, lakini nilifurahi. Chaki ilikuwa imejaa mikononi mwangu, mpaka kwenye gauni.

Jumamosi, 24 Oktoba

Nimemwambia Baba Upendo kuna sekondari ya binafsi inafunguliwa karibu na Jangwani, wanatafuta walimu wa sayansi. Mama Jayesh ndiye aliyenitajia. Sikuomba ruhusa. Nilimwarifu. Akasema Upendo atabaki na nani. Nikasema tutafute msichana. Akasema tutaona.

Tutaona yake naijua. Ina miaka mitatu.

Hata hivyo barua nimeipeleka mwenyewe. Nilipita dukani na mtoto mgongoni. Josephat aliinua kichwa, mdomo ukafunguka kuuliza. Akaufunga. Akasogeza madebe nipite.

Sijapata jibu. Pengine sitapata.

Jumapili, 15 Novemba

Nimekwenda Buguruni kumwona Rehema. Mara ya kwanza. Nilikuwa nakwepa.

Wanakaa chumba na sebule, nyuma ya mafundi magari. Alikuwa barazani kwao kwenye mkeka, kanga imefungwa kichwani. Ana sura ya utani, nyusi nene. Akanisalimia shikamoo dada, kama mgeni yeyote. Mama yake akaleta chai ya tangawizi akatuacha.

Aliuliza mtoto ana miezi mingapi. Nikamwambia. Alisema harusi ni baada ya mfungo, kijana kakataa kusubiri zaidi. Alisema hivyo bila tabasamu na bila huzuni, akikwangua ukucha.

Halafu akafungua kanga. Mbele zimeota fupi, laini, kama za Upendo alipozaliwa. Nyuma kuna kipara, ngozi ya rangi ya waridi inayong'aa, kubwa kama kiganja. Daktari amesema hapo hapataota.

Nilipaangalia. Nilijilazimisha nisigeuze macho.

Hakusema amenisamehe na sikumuuliza. Alivuta kichupa cha mafuta ya nazi kutoka chini ya mkeka, akamimina kiganjani, akajipaka mbele. Kisha akaninyooshea.

"Nipake nyuma," akasema. "Mwenyewe sipaoni."

Nilikaa nyuma yake. Mafuta yalikuwa ya vuguvugu kwa jua. Nilimpaka polepole, kuanzia kingoni kwenda katikati, nikisikiliza kama atashtuka. Hakushtuka. Upendo alikuwa amelala kwenye mkeka kati yetu na ukuta. Kwa mafundi walikuwa wanagonga bati.

Nilipomaliza hakufunga kanga. Alikaa hivyohivyo, kichwa wazi, anakunywa chai yake.